Mama Kevina wa Nsambya: Mtawa Aliyeandaa Wakunga Kabla ya Saa ya Uchungu

Tarehe 17 Oktoba, katikati ya mwezi ambao Kanisa limeuweka kwa ajili ya kuombea kazi za kimisionari, tunakumbuka kifo cha Mtumishi wa Mungu Mama Maria Kevin Kearney, ambaye watu wa Uganda walimwita Mama Kevina. Wengi humfahamu kama mwanzilishi wa mashirika ya watawa. Leo tunapenda kuutazama upande mmoja wa maisha yake ambao hautajwi mara nyingi, nao ni juhudi yake kwa ajili ya kina mama wajawazito na watoto ambao hawajazaliwa. Sisi wa Mkoani tunayo sababu ya pekee ya kuusikia upande huo, kwa maana maswali ambayo waume na wake hutuletea mapadre kuhusu vipimo vya mimba yanazidi kuwa mengi na mazito.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, Wicklow, nchini Ayalandi, akapewa jina la Teresa. Baba yake, mkulima, alikufa katika ajali miezi michache kabla hajazaliwa. Hivyo mtoto huyu alikuwa yatima wa baba angali tumboni, na mama yake aliubeba ujauzito huo katika msiba. Teresa alipofikia umri wa miaka 10, mama naye akaaga dunia, akabaki mikononi mwa bibi yake mzaa mama. Bibi huyo alikuwa mwanamke wa sala na wa kazi, ambaye imani yake ilionekana zaidi katika kuwatunza wengine kuliko katika maneno. Yeye pia alifariki Teresa akiwa bado kijana. Mtu anayeisoma habari ya Mama Kevina hawezi kuupita utoto huo upesi: kabla hajawa mama wa wengi, alijua kufiwa ni nini.

Baada ya kusomea ualimu na kufundisha kwa muda, mwaka 1895 aliingia katika Shirika la Masista Wafransisko kwenye abasia ya Mtakatifu Maria, Mill Hill, London. Mwaka 1898 alipokea jina la kitawa la Kevin. Alitamani kutumwa Marekani kuwahudumia watu weusi wa huko, lakini Mungu alimwandalia njia nyingine. Askofu Henry Hanlon wa Wamisionari wa Mill Hill, aliyekuwa na makao yake katika kilima cha Nsambya, Buganda, aliomba masista kwa ajili ya wanawake na watoto wa vikarieti yake. Tarehe 3 Desemba 1902 masista sita waliondoka London, Sista Kevin akiwa mmoja wao, na tarehe 15 Januari 1903 wakafika Nsambya. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Hapakuwa na jengo, wala daktari. Wagonjwa walikuja na vidonda, homa, ndui na malale, ugonjwa ambao katika miaka ile uliteketeza maelfu ya watu kandokando ya Ziwa Victoria. Masista walisafisha vidonda, waligawa dawa chache walizokuwa nazo, na walijifunza Kiganda kwa kuwasikiliza wagonjwa wao. Mwaka 1910 Sista Kevin alifanywa mkuu wa masista wenzake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hospitali ya Nsambya iliwapokea wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, wale ambao kikosi chao kwa Kiingereza ndicho kilichoupa mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam jina lake. Kwa huduma hiyo serikali ya Uingereza ilimtunukia nishani mwaka 1918.

Hata hivyo, kulikuwa na mateso mengine yaliyokuja Nsambya mwaka hadi mwaka, vita iwepo au isiwepo. Wanawake wengi walipoteza mimba, walijifungua watoto wafu, au walikufa wenyewe katika uchungu uliochukua siku kadhaa. Serikali ya kikoloni na wamisionari wa madhehebu yote walilitambua jambo hilo. Wengi walidai kwamba chanzo kikuu kilikuwa kaswende. Wanahistoria wa baadaye wameonyesha kwamba hesabu za wakati ule zilitiwa chumvi, kwa sababu waganga wengi walishindwa kuitofautisha kaswende na buba, ugonjwa wa ngozi unaofanana nayo lakini usioambukizwa kwa kujamiiana. Lakini ukweli wa msingi ulibaki: mama anaweza kuonekana mzima, akatembea na kulima, huku mwilini mwake mna ugonjwa unaomuua mtoto tumboni. Kipimo cha damu cha kaswende kilikuwa kimegunduliwa Ujerumani mwaka 1906, nacho ni miongoni mwa vipimo vya mwanzo kabisa vilivyowawezesha watabibu kulitambua tatizo la mimba kabla halijajionyesha kwa macho.

Hapa ndipo Mama Kevin alipokutana na kizuizi ambacho hakikutoka kwa maadui wa Kanisa, bali kilikuwa ndani ya Kanisa lenyewe. Kwa taratibu za wakati ule, watawa hawakuruhusiwa kufanya kazi ya ukunga. Nia ilikuwa kulinda nadhiri na heshima ya maisha ya wakfu, na katika Ulaya yenye madaktari na wakunga wengi huenda agizo hilo halikumwumiza mtu. Katika kilima cha Nsambya, ambako mkunga aliyesomea kazi alikuwa wa nadra, maana yake ilikuwa kwamba sista aliyemuuguza mwanamke homa kwa miezi alipaswa kurudi nyuma saa ya kujifungua ilipofika. Si vema kuificha sehemu hii ya historia. Kanisa ni mama, na mama naye hujifunza kutokana na vilio vya wanawe.

Mama Kevin hakuasi, wala hakukaa kimya. Alitafuta mlango uliokuwa wazi. Kama watawa hawakuruhusiwa kuzalisha, basi walei wangefanya kazi hiyo, na Waafrika wenyewe wangefundishwa kuifanya. Mwaka 1921, akisaidiana na Evelyn Connolly, mmisionari mlei, alianzisha Nsambya chuo cha wauguzi na wakunga. Jirani yao, katika kilima cha Namirembe, Waanglikana walikuwa na hospitali iliyoanzishwa na Daktari Albert Cook mwaka 1897, na mkewe Katharine alikuwa tayari akiwafundisha wasichana wa Kiganda ukunga. Misheni hizi mbili zilishindana katika mengi, lakini kwa jambo hili zote mbili zilifikia hukumu ileile: kwamba kifo cha mama mzazi si majaliwa ya kunyamaziwa, bali mara nyingi ni jambo ambalo mtu mwenye ujuzi angeweza kuliona likija.

Tuyatafakari kidogo maneno hayo, kuliona likija. Ukunga wa kale, tunaouheshimu, ulikuwa hodari wa saa ya uchungu. Elimu mpya ya wakati ule ilianza miezi mingi kabla. Mkunga alifundishwa kupapasa tumbo ili ajue mtoto amelala vipi, kusikiliza mapigo ya moyo wake kwa chombo chenye umbo la pembe, kuchunguza mkojo kama una protini, kupima msukumo wa damu, na kuangalia weupe wa ndani ya kope ili kutambua upungufu wa damu. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachohitaji mashine kubwa. Kinachohitajika ni mtu aliyefundishwa, anayerudia kazi hiyohiyo kwa uaminifu kwa kila mama, hata yule asiyelalamika chochote. Vipimo vya mimba vilianza hivyo, kwa jicho la mkunga linalotazama mapema.

Mwaka 1923 Mama Kevin aliwakusanya wasichana wanane wa Kiafrika waliotamani maisha ya wakfu, na huo ukawa mwanzo wa Shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambalo makao yake yako Nkokonjeru, na ambalo baadaye lilivuka mipaka hadi Kenya na Tanzania. Hapakukosekana walioona kwamba wasichana hao hawataweza utawa wala masomo. Muda umewajibu. Katika miaka ya 1930 alianzisha pia vituo vya wagonjwa wa ukoma huko Nyenga na Buluba.

Kisha, tarehe 11 Februari 1936, siku ya Bikira Maria wa Lurdi, Idara ya Kueneza Imani ya mjini Roma ilitoa waraka ulioubadili utaratibu ule wa zamani. Sasa watawa katika nchi za misioni waliruhusiwa, tena walihimizwa, kuwahudumia kina mama wazazi na watoto wachanga, na kusomea udaktari na ukunga kikamilifu hadi kupata vyeti vinavyotambulika. Waraka huo haukuwa tunda la mtu mmoja. Ulitokana na maombi ya miaka mingi ya wanawake wa Kikatoliki, madaktari, na maaskofu wa misioni waliokuwa wameona walichokiona Mama Kevin. Tunajifunza hapa kwamba mapendo peke yake hayamtoshi mama mwenye kifafa cha mimba. Mapendo lazima yaende shule. Na tunajifunza kwamba Kanisa lilipoelewa hivyo, liliiweka elimu ya uzazi miongoni mwa matendo ya huruma.

Mwaka 1952 masista wa Ulaya waliofanya kazi Afrika walifanywa shirika linalojitegemea, Masista Wamisionari Wafransisko kwa ajili ya Afrika, na Mama Kevin akawa Mama Mkuu wake wa kwanza. Alistaafu mwaka 1955 akiwa na miaka 80, lakini hakupumzika: alikwenda Boston, Marekani, kuomba misaada kwa ajili ya kazi za Afrika. Huko ndiko alikofariki tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili wake ulizikwa kwanza Ayalandi, lakini waamini wa Uganda waliomba warudishiwe mama yao, na Desemba ya mwaka huohuo akazikwa Nkokonjeru. Jina Kevina lilikwisha kuwa neno la kawaida vinywani mwa watu, likimaanisha hospitali au nyumba ya huruma. Mwaka 2016 Jimbo la Lugazi lilifungua rasmi mchakato wa kumtangaza kuwa mwenyeheri.

Mama Kevin hakuiona hatua iliyofuata. Mwaka 1958, miezi michache tu baada ya kifo chake, Daktari Ian Donald wa Glasgow na wenzake walichapisha picha za kwanza za mtoto tumboni zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti, yaani utrasaundi. Mwaka 1959 Daktari Jérôme Lejeune na wenzake mjini Paris walichapisha ugunduzi kwamba watoto wenye hali ya Down wana kromosomu moja ya ziada. Tangu hapo vipimo vimeongezeka, na swali jipya limezaliwa: tukishajua, tutafanya nini na tunachokijua?

Ni vizuri kwanza tuelewe kwamba vipimo si vya aina moja. Vipo vinavyotafuta tatizo linalotibika: kaswende, ambayo dawa ya penisilini humlinda mama na mtoto, Virusi vya Ukimwi, ambavyo dawa hupunguza sana uwezekano wa kumfikia mtoto, homa ya ini B, ambayo mtoto huchanjwa mara anapozaliwa, sukari, kundi la damu, na upungufu wa damu. Vipo vinavyokadiria uwezekano tu wa tatizo la maumbile: vikitoa jibu la hatari, havijasema kwamba mtoto ni mgonjwa, vimesema kwamba uchunguzi zaidi unafaa. Na vipo vya kuthibitisha, kama kuchota maji yanayomzunguka mtoto, ambavyo hubeba hatari ndogo ya mimba kuharibika. Mama ana haki ya kuelezwa anapimwa nini, kwa nini, na jibu lina maana gani.

Kanisa halikatazi vipimo hivi. Katika maelekezo ya Idara ya Mafundisho Tanzu ya Imani ya mwaka 1987, na katika waraka wa Mtakatifu Yohane Paulo II juu ya uhai wa mwaka 1995, linafundisha kwamba uchunguzi wa mtoto tumboni ni halali unapoheshimu uhai na ukamilifu wa mama na mtoto, na unapolenga kuwalinda au kuwatibu. Linachokikataa ni kipimo kinachofanywa kwa nia ya kumwondoa mtoto atakayeonekana na kasoro. Tena, hata pale ambapo tiba haipo, kujua mapema kuna faida: mtoto mwenye mgongo wazi au kasoro ya moyo anaweza kupangiwa kuzaliwa penye wataalamu, na wazazi wanapata muda wa kulia, kusali, na kujiandaa kumpokea mtoto wao jinsi alivyo. Wazazi hao hawapaswi kuachwa peke yao. Jumuiya inayowahimiza kumpokea mtoto mwenye ulemavu, kisha ikawakimbia anapozaliwa, inasema uongo.

Tukirudi kwetu Mkoani, hatari iliyo kubwa zaidi si kipimo cha kromosomu, bali ni mama kuchelewa kuanza kliniki. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza mahudhurio manane katika ujauzito mmoja, la kwanza ndani ya wiki 12, pamoja na utrasaundi moja kabla ya wiki 24. Kisiwa chetu kina maradhi yake pia. Minyoo ya safura hunyonya damu taratibu, na kichocho, ambacho kimechunguzwa kwa miaka mingi Pemba, hasa na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ya Chake Chake, huweza kuongeza upungufu wa damu. Mama mwenye damu chini ya gramu 11 kwa desilita anahesabiwa kuwa na upungufu, na akitokwa na damu wakati wa kujifungua hana akiba ya kumwokoa. Dawa zipo, na mtaalamu wa kliniki ndiye anayejua ipi apewe na katika mwezi gani. Vidonge vya foliki asidi husaidia kuzuia mgongo wazi, hasa vikianza kutumiwa kabla ya mimba kutungwa.

Kila nyumba izijue dalili zisizosubiri asubuhi: kutokwa damu, kuumwa kichwa sana, kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, homa kali, degedege, maji kutoka kabla ya wakati, na mtoto kupunguza kucheza. Msukumo wa damu wa 140/90 au zaidi ni onyo hata kama mama anajisikia mzima. Waume wasiseme kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Nauli ya gari usiku, mchango wa damu, na ruhusa ya kwenda hospitali bila kumsubiri mkubwa wa nyumba aliye safarini Unguja, hayo yote yapangwe mapema, mimba ingali changa.

Sisi Wakristo wa Pemba ni wachache, na katika benchi la kliniki mama zetu hukaa bega kwa bega na mama wa Kiislamu, wote wakiwa na kadi zao mkononi na hofu ileile moyoni. Mama Kevina aliijua hofu hiyo, na hakuijibu kwa maneno matamu. Aliijibu kwa kumtafutia kila mama mtu mwenye ujuzi wa kumtazama kwa wakati. Tumwombe Mungu, kama yanampendeza, ampe heshima ya altare. Nasi wiki hii tumwulize kila mjamzito wa jumuiya zetu ndogo ndogo kama ameshaanza kliniki, na asiye na wa kumsindikiza, mmoja wetu aende naye.